Namna ya Kutambua Aina za Vigeu Kabla ya Kuchanganua Data

Mtu anayeanza kusoma takwimu hukimbilia fomula. Anataka kujua wastani hukokotolewaje, grafu huchorwaje, na atajuaje kama tofauti aliyoiona ni ya kweli au ni ya bahati tu. Shauku hiyo haina kosa, ila kabla ya fomula yoyote kuna kazi moja ya kimyakimya ambayo ikifanywa vibaya huharibu kila kinachoifuata, nayo ni kutambua kila safu ya data imebeba kigeu cha aina gani. Kazi hiyo kompyuta haikufanyii. Kwa programu, tarakimu 3 ni tarakimu 3, iwe inamaanisha watoto watatu, sentimita tatu, mshindi wa tatu, au namba iliyopewa kundi la tatu kwa sababu tu kuandika namba ni rahisi kuliko kuandika jina. Aina ya kigeu haimo ndani ya tarakimu. Imo katika kitu kilichopimwa na katika namna kilivyopimwa, na huko ndiko maswali yote ya mwongozo huu yanakoelekezwa.

Mstari mmoja ni nani?

Data zilizokusanywa vizuri hupangwa katika jedwali ambalo kila mstari ni mhusika mmoja aliyechunguzwa, na kila safu ni kigeu kimoja, yaani sifa inayoweza kutofautiana kutoka kwa mhusika mmoja hadi mwingine. Mhusika si lazima awe mtu: anaweza kuwa ua, siku, mashine, kaya au ajali ya barabarani. Sifa ambayo ni ileile kwa wahusika wote haihesabiwi kuwa kigeu katika uchunguzi huo, hata kama kwingineko hubadilika. Ukichunguza wanawake peke yao, jinsia si kigeu tena.

Nitatumia mfano mmoja ambao wanafunzi wengi wa takwimu hukutana nao mapema. Mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alichapisha vipimo vya maua 150 ya airisi vilivyokuwa vimekusanywa na mtaalamu wa mimea Edgar Anderson. Maua hayo ni ya spishi tatu, setosa, versicolor na virginica, maua 50 kwa kila spishi, na kwa kila ua yalipimwa mambo manne kwa sentimita: urefu na upana wa sepali (jani la nje la ua), kisha urefu na upana wa petali (jani la ndani la ua). Jedwali lina mistari 150 na safu tano, na hapa jibu la swali la kwanza ni jepesi: mstari mmoja ni ua moja.

Si kila jedwali ni jepesi hivyo. Chukua data za kliniki zenye mistari 100, kumbe wagonjwa ni 25 na kila mmoja alihudhuria mara nne. Mstari hapo ni hudhurio, si mgonjwa, na anayetangaza kwamba amechunguza watu 100 amejipa ushahidi mara nne ya alio nao. Kwa hiyo, kabla ya kutazama safu yoyote, andika sentensi moja inayosema mstari mmoja ni nini. Ukishindwa kuiandika, bado hujazielewa data zako. Sentensi ya pili iseme wahusika hao ni wote unaotaka kuwazungumzia au ni sampuli tu iliyochukuliwa kutoka katika kundi kubwa zaidi, kwa kuwa maua 150 ya Anderson hayakuwa airisi zote duniani.

Jina au kiasi

Mgawanyo wa kwanza ni kati ya vigeu vya sifa na vigeu vya kiasi. Kigeu cha sifa humweka mhusika katika kundi: spishi, aina ya damu, lugha ya kwanza, rangi ya macho. Kigeu cha kiasi husema ni ngapi au ni kiasi gani: umri, uzito, idadi ya watoto. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba kigeu cha kiasi ni kile kilichoandikwa kwa namba, na hapo ndipo upotovu unapoanza.

Tuseme spishi za airisi zimeandikwa 1 kwa setosa, 2 kwa versicolor na 3 kwa virginica. Kwa kuwa kila spishi ina maua 50, ukiiagiza programu ikokotoe wastani wa safu hiyo itakujibu bila kusita kwamba wastani ni 2. Maana yake ni nini? Kwamba ua la wastani ni versicolor? Badilisha mpangilio wa namba, setosa iwe 2 na versicolor iwe 1, na wastani utabaki uleule 2, ila sasa ua la wastani limegeuka kuwa setosa. Hesabu ni sahihi na matokeo ni upuuzi, kwa sababu zile namba zilikuwa majina yaliyovaa sura ya tarakimu.

Jaribio langu la kwanza kwa safu yoyote ya namba ni hili: je, ningeweza kuweka herufi au majina mahali pa namba hizi bila kupoteza chochote? Namba ya simu, namba ya usajili wa mwanafunzi na namba ya mgongoni mwa mchezaji zote zinafaulu jaribio hilo, kwa hiyo zote ni lebo. Ishara nyingine ni sifuri ya mwanzo. Namba ya simu ikipoteza sifuri yake ya mbele haipigiki tena, ilhali uzito wa kilo 07 na kilo 7 ni uzito mmoja. Namba ambayo sifuri yake ya mbele ina thamani si kiasi. Wanaotumia lahajedwali, yaani programu za majedwali kama Excel, wanaujua usumbufu huu, maana programu hizo hupenda kuifuta sifuri hiyo zikidhani zinakusaidia.

Kuna hali moja ya pekee ambayo ni haki kuitaja. Kigeu cha sifa chenye makundi mawili tu, kikiandikwa 0 na 1, wastani wake una maana kamili. Ikiwa wagonjwa 12 kati ya 40 walipona na ukawaandikia 1, huku waliobaki ukiwaandikia 0, wastani wa safu ni 0.3, nao ndio uwiano wa waliopona. Hii ndiyo sababu watu wa takwimu hupendelea 0 na 1 kuliko 1 na 2 kwa maswali ya ndiyo au hapana.

Kuhesabu na kupima

Vigeu vya kiasi navyo ni vya namna mbili. Kigeu kinachotokana na kuhesabu huruka kutoka thamani moja hadi nyingine: kaya ina watoto wawili au watatu, na hakuna kaya yenye watoto wawili na nusu, ingawa wastani wa kaya nyingi unaweza kabisa kuwa 2.5. Kigeu kinachotokana na kupima ni cha mfululizo, maana kati ya thamani mbili zozote daima kuna nafasi ya nyingine.

Ugumu huja kwa sababu hakuna chombo kinachopima bila kukadiria. Urefu wa sepali katika data za airisi umeandikwa kwa desimali moja, kuanzia sentimita 4.3 hadi 7.9, na ukizihesabu thamani tofauti zilizomo utakuta ni 35 tu kwa maua 150. Anayetazama safu peke yake atasema kigeu hicho ni cha kuhesabu, kwa sababu kinaruka kwa hatua za 0.1. Hatua hizo ni za rula wala si za ua. Urefu wenyewe ni mfululizo, na maua mawili yaliyoandikwa 5.1 yangeweza kutofautishwa na rula kali zaidi. Umri una hali hiyohiyo: unapita bila kusimama, lakini sisi huutaja kwa miaka mizima.

Je, tofauti hii ina uzito katika kazi ya kila siku? Ina uzito zaidi pale idadi ni ndogo. Idadi ya watoto, inayozunguka kati ya 0 na 6, inafaa kuchorewa chati ya pau zenye nafasi katikati, na inahitaji mbinu zake. Idadi ya wakazi wa miji, inayofika mamia ya maelfu, ni ya kuhesabu kwa jina, lakini hakuna anayedhurika ikishughulikiwa kama mfululizo.

Ngazi nne za upimaji

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Smith Stevens alipendekeza ngazi nne za upimaji, na vitabu vya utangulizi vimezishika tangu wakati huo: majina, mpangilio, vipindi na uwiano. Zipo lawama za haki dhidi ya mgawanyo huo, na nitagusa moja, lakini kama njia ya kuzihoji data bado sijaona iliyo rahisi kuishinda. Kila ngazi hujibu swali moja zaidi ya ile iliyo chini yake.

Ngazi ya majina inajibu tu kama wahusika wawili ni sawa au ni tofauti. Spishi na aina ya damu zimo humo, na tumekwisha kuzizungumzia.

Ngazi ya mpangilio huongeza swali la nani amemzidi nani, bila kusema kwa kiasi gani. Mfano safi ni kipimo cha ugumu wa madini alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812: madini yanayoyakwaruza mengine hupewa namba ya juu zaidi, kuanzia talki yenye 1 hadi almasi yenye 10. Korundamu ina 9. Kwenye karatasi, hatua kutoka 9 hadi 10 inafanana na hatua kutoka 1 hadi 2, lakini ugumu ukipimwa kwa vyombo, pengo kati ya korundamu na almasi hupita mapengo mengine yote ya kipimo hicho. Vivyo hivyo alama aliyoitunga daktari Virginia Apgar mwaka 1952 kwa watoto wachanga. Mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, mwitikio na rangi ya ngozi, kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, kisha hujumlishwa. Mtoto mwenye 8 yuko katika hali nzuri kuliko mwenye 4. Kusema kwamba afya yake ni maradufu ni kutia maneno kinywani mwa namba.

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pengine popote, hasa katika hojaji zenye majibu kama «sikubali kabisa», «sikubali», «sina uhakika», «nakubali» na «nakubali kabisa», yakiandikwa 1 hadi 5. Fikiria makundi mawili ya watu watano watano. Kundi la kwanza wote walijibu 4. Kundi la pili walijibu 2, 3, 3, 5 na 5. Wastani wa kundi la kwanza ni 4 na wa pili ni 3.6, kwa hiyo la kwanza limeongoza. Sasa mtu mwingine, kwa haki ileile uliyokuwa nayo wewe, anaamua kwamba «nakubali kabisa» ni msimamo mzito na kuliandika 10 badala ya 5. Mpangilio wa majibu haujaguswa, lakini wastani wa kundi la pili umekuwa 5.6 na sasa ndilo linaloongoza. Mshindi amebadilika na hakuna mtu aliyebadilisha jibu lake. Mediani, yaani thamani inayokaa katikati majibu yakipangwa, imebaki 4 kwa kundi la kwanza na 3 kwa la pili katika hesabu zote mbili. Kwa swali moja la hojaji, basi, mimi hutoa mediani na idadi ya watu kwa kila jibu. Wapo watafiti wanaojumlisha maswali mengi ya namna hiyo na kuchukua wastani wa jumla, na hilo huvumilika iwapo wanakiri wazi kwamba wamechukulia hatua zote kuwa sawa.

Ngazi ya vipindi huja pale hatua zinapokuwa sawa kweli, ila sifuri imewekwa kwa makubaliano. Nyuzi za Celsius ndizo mfano wa siku zote, na historia yake inaonyesha vizuri jinsi sifuri hiyo ilivyo ya kuchagua: Anders Celsius mwenyewe, mwaka 1742, aliiweka 0 mahali maji yanapochemka na 100 yanapoganda, kisha wengine wakaigeuza. Chukua nyuzi 10, 20 na 30 za Celsius. Kwa Fahrenheit ni 50, 68 na 86. Tofauti zilizokuwa sawa zimebaki sawa, 18 kwa 18. Lakini 20 ni mara mbili ya 10, ilhali 68 ni mara 1.36 tu ya 50, na kwa Kelvin, inayoanzia kwenye sifuri ya kweli ya joto, 283.15 na 293.15 zinatofautiana kwa takriban asilimia 3.5. Hali ya hewa ni ileile. Kauli ya «mara mbili» iliyobadilika kwa kubadilisha kipimajoto haikuwa kauli kuhusu joto. Miaka ya kalenda nayo iko hapa: mwaka 2000 si maradufu ya mwaka 1000, ingawa muda uliopita kati ya miaka miwili, ambao ni kigeu kingine, una sifuri ya kweli.

Ngazi ya uwiano ndiyo yenye sifuri inayomaanisha kutokuwepo: urefu, uzito, muda, idadi. Petali ya sentimita 6 ni mara mbili ya petali ya sentimita 3, na itabaki hivyo hata ukipima kwa inchi. Swali la kujiuliza ni moja: je, sifuri hapa inasema kitu hakipo?

Lawama niliyoahidi kuigusa ni kwamba ngazi hizi nne hazimezi kila kitu. Mwelekeo wa upepo hupimwa kwa nyuzi kutoka 0 hadi 360, na mwisho wake hurudi mwanzoni. Vipimo viwili vya nyuzi 350 na nyuzi 10 vyote vinaonyesha upepo unaotoka karibu kaskazini, lakini wastani wake wa kawaida ni 180, yaani kusini kabisa. Saa za siku na miezi ya mwaka huzunguka vivyo hivyo. Vigeu vya namna hii vina hesabu zake maalumu, na kwa anayeanza inatosha kuvitambua na kutovichukulia wastani kijinga.

Kigeu kinafanya kazi gani katika swali?

Mpaka hapa tumezungumzia kigeu kilivyo. Jambo la pili ni kazi kinayopewa. Kigeu tegemezi ni kile unachotaka kukieleza au kukibashiri. Kigeu huru ni kile unachokitumia kukieleza. Kazi hiyo haikuandikwa kwenye safu, hutoka kwenye swali. Fisher alitaka kujua kama vipimo vinne vinaweza kutambulisha ua ni la spishi gani, kwa hiyo kwake spishi ilikuwa tegemezi. Wewe ukiuliza kama petali hutofautiana kwa urefu kati ya spishi na spishi, urefu ndio tegemezi na spishi imekuwa huru, na data ni zilezile.

Usisahau vigeu ambavyo havimo katika swali lakini vinaathiri jibu. Wastani wa urefu wa petali kwa maua yote 150 ni takriban sentimita 3.76, na ngazi ya uwiano inaruhusu kabisa kuukokotoa. Hata hivyo hakuna setosa hata moja yenye petali inayozidi sentimita 1.9, na wastani ni takriban 1.46 kwa setosa, 4.26 kwa versicolor na 5.55 kwa virginica: spishi, ambayo haikuwemo katika swali, ndiyo iliyofichwa na ule wastani mmoja. Ngazi ya upimaji inakuambia ni hesabu zipi zina maana; haikuahidi kwamba hesabu hizo zitakuonyesha kilichomo.

Namba ambazo si data

Kabla ya kukokotoa chochote, tafuta thamani zilizowekwa mahali pa jibu lililokosekana. Wakusanyaji wengi huandika 99, 999 au -9 pale mhojiwa asipojibu. Umri wa watu wanne ukiwa 20, 24, 31 na 25, wastani ni 25. Mtu wa tano asiyejibu akiandikiwa 99, wastani unaruka hadi 39.8, na hakuna hata mmoja kati ya waliojibu aliyefika umri huo. Chapa thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila safu, nawe utawaona wageni hawa mara moja. Nafasi iliyoachwa tupu nayo isichanganywe na sifuri: kipima mvua kilichoonyesha 0 kinasema mvua haikunyesha, na kisichosomwa hakisemi lolote.

Kukusanya na kuchagua muhtasari

Ikiwa data bado hazijakusanywa, andika kila kigeu katika ngazi ya juu kabisa inayowezekana. Umri wa miaka 34 unaweza kugeuzwa baadaye kuwa kundi la miaka 30 hadi 39, lakini aliyeandika kundi tu hawezi kurudi nyuma kuupata ule 34. Tarehe ya kuzaliwa ni bora zaidi kuliko umri, pale ambapo usiri wa wahusika unaruhusu.

Kwa muhtasari, vigeu vya majina hupewa idadi, asilimia na modi, yaani jibu linalojitokeza mara nyingi zaidi, na chati ya pau huvitosha. Vya mpangilio huongezewa mediani, na pau zake zipangwe kwa utaratibu wa majibu, si kwa urefu wa pau. Vya vipindi na uwiano hupokea wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani), pamoja na histogramu, yaani chati ya pau zinazogusana, ambayo ingekuonyesha papo hapo kwamba petali za airisi zina vilima viwili vilivyoachana. Chati duara siipendi hata pale inaporuhusiwa, kwa kuwa jicho hulinganisha urefu vizuri kuliko pembe.

Mwisho, fungua ukurasa mmoja pembeni ya jedwali na uandike maelezo ya kila safu: jina lake, kilichopimwa, kipimo kilichotumika, ngazi yake, na alama ya jibu lililokosekana. Kwa airisi ukurasa huo ungesomeka hivi: mstari mmoja ni ua moja; spishi: ngazi ya majina, namba 1 hadi 3 ni lebo na zisijumlishwe; urefu na upana wa sepali na wa petali: ngazi ya uwiano, mfululizo, kwa sentimita, desimali moja; hakuna thamani iliyokosekana.